Kutafakari Maana Yake Nini?

Yako maneno tunayoyasema kila siku mpaka yanakuwa kama sarafu ya zamani: imepita katika mikono mingi, sura yake imefutika, nasi twaipokea na kuitoa bila kuitazama. Neno "kutafakari" ni mojawapo. Twalisikia kanisani katika mahubiri, twalisikia redioni, twalisoma magazetini. Mwenyekiti wa mkutano husema, "Tutalitafakari jambo hili." Vijana hupenda kuambiana, "Tafakari, chukua hatua." Mzazi aliyekasirika humwambia mwanawe, "Nenda ukatafakari ulichofanya." Lakini tukimwuliza kila mmoja wao kutafakari maana yake nini, na kwatofautianaje na kufikiri, wengi watasita, na wengine watajibu kwamba kutafakari ni kufikiri kwa muda mrefu.

Jibu hilo halitoshi. Mtu aweza kufikiri mwezi mzima asitafakari hata dakika moja. Na mwingine aweza kutafakari kwa muda wa maji ya ugali kuchemka, akainuka hapo akiwa na nia mpya. Tofauti haiko katika urefu wa muda. Iko wapi basi? Hilo ndilo twataka kulichunguza juma hili, wala si kwa kuwafurahisha wanafunzi wa lugha tu. Nyumba isiyojua tofauti hiyo hukata mashauri makubwa, kama vile kuuza shamba, kuoza binti, kukopa fedha au kuvunja undugu, kwa mawazo matupu; na kumbe yenyewe yadhani imetafakari.

Asili ya neno

Neno hili lilitufikia kutoka Kiarabu. Mzizi wake una herufi tatu, yaani f, k na r, na katika mzizi huo huo tumepata fikra, fikara na kufikiri. Kwa hiyo kufikiri na kutafakari ni ndugu wa tumbo moja. Lakini Kiarabu kina desturi ya kutia ta- mwanzoni mwa kitenzi na kuikaza herufi ya katikati, na mara nyingi hufanya hivyo ili kuonyesha kwamba tendo lamrudia mtendaji mwenyewe. Kiswahili kimepokea maneno kadhaa ya namna hiyo. Kutahadhari ni kujiweka katika hadhari. Kutakabari ni kujifanya mkubwa. Kutawakali, neno lenye mzizi mmoja na wakili, ni kumfanya Mungu kuwa wakili wako na kujikabidhi kwake.

Hapo twaupata ufunguo. Kufikiri ni kuitumia akili juu ya jambo. Kutafakari ni kuitumia akili juu ya jambo na kujitia mwenyewe ndani yake. Afikiriye hulitazama jambo kama mtu atazamavyo ng'ombe mnadani. Atafakariye hujua kwamba na yeye yumo mnadani, naye apimwa.

Neno hili halikubuniwa na wamisionari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, lugha ya pwani ilikuwa tayari na maneno mengi ya mambo ya roho yaliyotoka Kiarabu, kama vile imani, sala, dhambi, rehema, malaika na sadaka. Kanisa liliyapokea kwa shukrani. Mengine, kama misa, sakramenti na Ekaristi, ilibidi kuyaleta kutoka lugha za Ulaya. Kutafakari ni la kundi lile la kwanza. Ndugu zetu Waislamu hulitumia kama sisi, na kwao kuzitafakari ishara za Mungu katika viumbe vyake ni jambo la ibada. Ni mali yetu ya pamoja; basi yafaa tuitunze pamoja.

Jambo moja, maneno mengi

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kazi ya akili. Lakini ili tuyatenganishe, tuchukue mfano mmoja na kuyapitisha yote humo.

Baba mmoja ana ekari 3 za migomba na mibuni alizorithi kwa baba yake. Anakuja mnunuzi kutoka mjini, anaitaka ekari 1 iliyo kando ya barabara, na fedha anazo mkononi. Kijana mkubwa wa baba huyu anadaiwa ada ya chuo. Na baba mwenyewe kwa siku nyingi ametamani kununua pikipiki.

Asubuhi baba asema, "Nadhani bei hii ni nzuri." Huko ni kudhani. Hajauliza kwa jirani hata mmoja. Amesema tu lile lililomjia, nalo laweza kuwa kweli au uongo.

Usiku hapati usingizi. Ada, pikipiki, maneno ya watu, kaburi la baba yake lililo karibu na mpaka, yote yampitia kichwani, yaenda na kurudi. Huko ni kuwaza. Mawazo huja bila kuitwa na huondoka bila kuaga. Ndiyo maana tukimwona mtu ameshika tama twasema "ana mawazo," tukimaanisha kwamba ana taabu. Akiyarudia mawazo hayo na kuyapindua huku na huku, twasema awaza na kuwazua. Hiyo ni hatua mbele, lakini bado yeye hushikwa na jambo zaidi ya kulishika.

Kesho yake achukua kalamu na daftari. Aandika mavuno ya ekari ile kwa mwaka, kiasi cha ada, bei ya pikipiki; kisha aenda kuuliza bei za mashamba kwa majirani. Huko ni kufikiri, nayo ni kazi njema ya akili. Tusiidharau. Pasipo hesabu hiyo, tafakari yenyewe haina mahali pa kusimama, itakuwa ndoto tu.

Mkewe amwambia, "Baba, usisahau aliyoyasema mzee siku zile za mwisho." Mumewe akumbuka kwamba mzee aliwausia shamba lisikatwekatwe. Huko ni kukumbuka. Na akiushika usia huo usimtoke kila azungumzapo na mnunuzi, huko ndiko kuzingatia.

Lakini bado hajatafakari. Kutafakari kwaanza pale anapoliweka kando daftari la hesabu na kujiuliza: "Mimi natafuta nini katika jambo hili? Nasema ada, ada. Je, kama si tamaa ya pikipiki, ningeuza? Kwa nini nimezungumza na mnunuzi mara 3, na mama watoto nimemweleza mara moja tu, tena nikiwa nimesimama mlangoni? Mwanangu akimaliza chuo na kurudi nyumbani, ataniuliza nini?" Hapo jambo limegeuka. Mpaka jana yeye alilihoji shamba. Leo shamba lamhoji yeye.

Pengine atauza, na itakuwa haki, maana elimu ya mtoto ni urithi pia. Pengine hatauza. Tafakari haiwapi watu wote jibu moja. Yampa kila mtu jibu ambalo aweza kulisema wazi mbele ya mwenzake wa ndoa, mbele ya watoto wake na mbele ya Mungu. Jibu ambalo mtu ahitaji kulificha mpaka fedha zipokelewe, hilo halikutoka katika tafakari, hata kama lilichukua mwaka.

Mfalme aliyefikiri sana

Katika Maandiko Matakatifu tuna habari moja inayoonyesha tofauti hii waziwazi kuliko kamusi yoyote. Ni habari ya mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12.

Daudi alimtwaa mke wa Uria, askari wake mwaminifu. Alipoona dhambi yake itajulikana, alifikiri. Alimwita Uria kutoka vitani ili arudi nyumbani kwake na jambo lifunikwe. Uria alipokataa kulala nyumbani kwake huku wenzake wako kambini, Daudi alifikiri tena, akaandika barua kwa Yoabu, amiri wa jeshi, Uria awekwe mahali pa vita vikali ili auawe. Tena barua hiyo aliipeleka Uria mwenyewe kwa mkono wake. Nani atasema kwamba mpango huo haukuwa na akili? Ulihitaji kufikiri kwingi. Miezi ikapita, mtoto akazaliwa, mfalme akaendelea kuketi na kuamua mashauri ya watu.

Ndipo Mungu akamtuma nabii Nathani. Nabii hakuanza kwa kumkemea. Alimpa habari ya tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake kama binti. Tajiri alipofikiwa na mgeni hakuchinja katika mifugo yake. Alimnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Daudi aliposikia alikasirika, akatoa hukumu papo hapo: mtu huyo astahili kufa, naye alipe mara 4. Hukumu hiyo ilitolewa kwa akili timamu na kwa kupenda haki. Lakini yote yalikuwa juu ya mtu mwingine. Nathani akamjulisha kwamba mtu yule ni yeye.

Tangu hapo Daudi alianza kutafakari. Hakupata habari mpya, maana mambo yote aliyajua tangu mwanzo kuliko nabii. Kilichoongezeka ni kimoja tu: aliliona jambo naye yumo ndani yake. Akakiri dhambi yake.

Nasi je? Ni mara ngapi twasikia mahubiri mazuri juu ya uchoyo, na papo hapo twamkumbuka jirani ambaye yangemfaa sana? Twasoma makala juu ya walevi, twamhurumia shemeji. Tumesikia vema na tumefikiri vema, lakini tafakari haijaanza, maana mtu yule bado ni mwingine.

Lugha nyingine zatufundisha nini

Mataifa mengi yametafuta neno la kazi hii, na kila moja limechukua mfano katika maisha yake.

Warumi wa kale walisema pensare, yaani kupima uzito, na kutoka neno hilo Wafaransa walipata neno lao la kufikiri. Mfano huo si mgeni kwetu. Wazee hutuambia tupime maneno kabla ya kuyatoa. Mizani yafaa, lakini yadai uaminifu. Mwenye kuegemeza kidole upande mmoja atapata uzito anaoutaka.

Waebrania walikuwa na neno haga. Neno hilo hutumika kwa sauti ya simba akingurumia mawindo yake, na kwa sauti ya njiwa aliapo; kisha ndilo linalotumika katika Zaburi ya kwanza kwa mtu mwenye heri aishikaye sheria ya Bwana mchana na usiku. Kumbe kwao kutafakari kulikuwa na sauti. Mtu alilirudia neno kwa mdomo, polepole, mpaka likazama. Wazee wetu wanaotembea wakinong'ona neno moja la sala njiani kwenda shambani hawako mbali na desturi hiyo.

Wamonaki wa Ulaya walichukua mfano wa ng'ombe. Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa katika karne ya 12, alifundisha ngazi yenye vidaraja 4: kusoma, kutafakari, kusali na kumtazama Mungu kwa utulivu. Alilinganisha kusoma na kutia chakula kinywani, na kutafakari na kukitafuna. Na wamonaki walipenda kutumia neno la Kilatini ruminare, ambalo kwa Kiswahili ni kucheua.

Wafugaji wetu wataelewa mfano huu upesi kuliko wasomi. Ng'ombe malishoni hula kwa haraka, humeza majani karibu mazima. Baadaye hulala kivulini, huyarudisha kinywani na kuyatafuna upya, na kazi hiyo huweza kumchukua saa nyingi kwa siku. Majani ni yale yale. Lakini yasipocheuliwa hayawi maziwa wala nyama. Tena mfugaji akimwona ng'ombe wake hacheui, hangoji dalili nyingine. Ajua ni mgonjwa, hata kama tumbo limejaa. Basi na sisi siku hizi twameza mengi: habari za simu tangu alfajiri, redio, mahubiri, maneno ya barazani. Tumbo limejaa. Je, twacheua saa ngapi?

Mwisho twaja kwa Wagiriki. Mtakatifu Luka, akieleza mambo ya Bethlehemu katika sura ya 2 ya Injili yake, asema kwamba Bikira Maria aliyaweka mambo hayo yote, akiyatafakari moyoni. Neno la Kigiriki alilolitumia, symballo, maana yake ni kutupa pamoja, kuviweka vitu upande kwa upande na kuvilinganisha. Maria alikuwa na nini cha kulinganisha? Alikuwa na neno la malaika kwamba mwanawe atapewa kiti cha enzi cha Daudi. Na mbele yake alikuwa na hori la kulishia wanyama. Alikuwa na furaha ya wachungaji. Na baadaye akapewa na mzee Simeoni neno la upanga. Miaka 12 baadaye alimpata Mtoto hekaluni baada ya siku 3 za kumtafuta, na Luka hafichi kwamba yeye na Yosefu hawakulielewa jibu walilopewa. Mara baada ya hapo asema tena kwamba mama yake aliyaweka hayo yote moyoni.

Tuliangalie neno hilo: hawakuelewa, naye akayaweka. Basi kutafakari si kazi ya wenye majibu. Ni kazi ya mtu aliye na mambo mawili yasiyopatana, ambaye hakubali kulitupa moja ili apate raha ya upesi.

Makosa katika kulitumia neno hili

Sasa turudi katika maneno yetu ya kila siku na kuyasahihisha.

Kwanza, tusiseme "natafakari" tunapotaka kusema "nadhani." Asemaye "natafakari mvua itanyesha" amelivisha neno dogo joho la askofu.

Pili, tusilichanganye na "kujadili." Mkutano hujadili bajeti, wajumbe husema, husikilizana na kupiga kura. Kutafakari hufanywa na kila mmoja katika moyo wake, kabla ya mjadala au baada yake. Jumuiya zetu ndogondogo zinapotafakari Neno la Mungu hutulia kimya kwanza, kisha kila mtu akasema lililomgusa. Nazo zikianza kubishana nani ana maana sahihi, tafakari imekwisha na mjadala umeanza.

Tatu, na hili ni zito, tusimwite mwenye huzuni kuu kuwa anatafakari. Mama amefiwa, majuma yapita hasemi, chakula hakimshuki, usiku hakesha ila kulia. Ndugu husema, "Mwacheni, anatafakari." La! Atafakariye hulishika jambo. Huyu ameshikwa nalo. Akiachwa peke yake aweza kupotea. Huyo ahitaji mtu wa kukaa naye, wa kumpikia uji, wa kumwita padre, na ikibidi wa kumfikisha kwa daktari. Hapa neno likitumiwa vibaya, mtu hukosa msaada.

Nne, tusilifanye kuwa pazia la kukataa. "Tutalitafakari" imekuwa njia ya heshima ya kusema "hapana," au ya kumchosha mwombaji mpaka aache kuja. Mjane ameomba haki ya kiwanja chake. Aambiwa mwezi huu latafakariwa, na mwezi ujao hivyo hivyo. Tafakari ya kweli ina mwisho. Mwana mpotevu, alipozingatia moyoni hali yake kati ya nguruwe, hakubaki hapo akiitafakari. Aliamua, akaondoka, akaenda kwa baba yake. Kwa hiyo msemo wa vijana wa kutafakari na kuchukua hatua si mbaya. Una hekima, ila watu wengi huruka nusu yake ya kwanza na wengine huruka ile ya pili.

Tano, tusilifanye fimbo ya kupigia wengine. Mzazi amwambiaye mtoto "katafakari" kwa sauti ya ukali amfundisha kwamba kutafakari ni adhabu. Afadhali aketi naye na kumwuliza, "Mwanangu, wewe ungekuwa mwenzako uliyempiga, leo jioni ungekuwa unawaza nini?" Hivyo ndivyo Nathani alivyofanya.

Kuhusu sarufi hatuna mengi. Twaweza kusema kutafakari jambo, au kutafakari juu ya jambo. Zote mbili zatumika. Jina lake ni tafakari, au tafakuri, na yote mawili ni sahihi. Jambo linalowafanya watu watafakari twasema lawatafakarisha. Tena wengi husema "kutafakari kwa kina." Hatuwagombezi, lakini wajue kwamba kina kimo ndani ya neno lenyewe, mtu hachoti maji ya kisima kwa juu.

Namna ya kutafakari nyumbani

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya mapadre na masista, wenye saa za ukimya. Mimi nina watoto 5 na duka." Twamjibu kwamba mwenye watoto 5 na duka ndiye hasa ahitajiye, kwa maana mashauri yake ni mengi kuliko ya mtawa. Tena haihitaji kanisa wala kitabu. Twapendekeza hatua 4, nazo zafaa kwa neno la Injili na kwa jambo la shamba vilevile.

Kwanza, weka. Chagua jambo moja tu uliweke mbele yako. Zima simu, au iache chumba kingine. Mambo 10 yakija pamoja ni kuwaza; moja likiwekwa peke yake ndio mwanzo wa kutafakari.

Pili, geuza. Litazame kwa upande wa kila anayehusika: mke, mume, mtoto, jirani, hata yule uliyekosana naye. Uliza, "Yeye alionaje?" Usiharakishe, mwenda pole hajikwai.

Tatu, jione. Hapa ndipo penye kiini. Jiulize, "Mimi nimo wapi? Natafuta nini, naogopa nini, naficha nini?" Ukiona umemaliza kutafakari na wenye makosa wote ni watu wengine, anza tena.

Nne, amua. Toka na jambo moja la kutenda, dogo, lenye siku yake. Si "nitakuwa mtu mwema," bali "kesho kabla ya chai nitakwenda kwa kaka yangu." Kama jambo halijaiva, amua siku ya kulirudia na useme siku hiyo waziwazi kwa anayengoja jibu.

Kwa familia zinazosali Rozari jioni, chombo kimo tayari mikononi. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Marialis Cultus wa mwaka 1974, alionya kwamba Rozari bila tafakari ni kama mwili bila roho. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongeza matendo ya mwanga, ili mafumbo ya maisha ya hadharani ya Kristu nayo yapate kutafakariwa. Basi kabla ya kuanza kila tendo, baba au mama anyamaze kidogo, ahesabu mpaka 20 polepole, kila mtu ajitafutie mahali pake katika tendo hilo. Watoto watacheka siku ya kwanza. Siku ya saba hawatacheka.

Wasomaji wapenzi, methali yasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini mjukuu hazaliwi pasipo mzazi, na mzazi wa majuto mengi ni shauri lililokatwa na mtu ambaye hakujiona ndani yake. Neno tunalo, tena neno zuri, la pwani na la bara, la msikiti na la kanisa. Tulirudishe katika kazi yake. Na pale tunaposema "nitatafakari," aliyetusikia awe na haki ya kutuuliza, "Lini utanijibu?"

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya

1. Katika lugha ya babu na bibi zetu, neno la kutafakari ni lipi, na latokana na mfano gani: kupima, kutafuna, kugeuza, au mwingine?

2. Ni shauri gani kubwa la nyumba yetu tulilolikata kwa kudhani au kuwaza tu? Tungeulizana nini kwanza?

3. Yuko nani anayengoja jibu letu, ambaye tulimwambia kwamba twatafakari? Tumjibu lini?